Mwarabu wa Shaba na Rangi ya Kucha

Kijijini Kitahana, alikokulia Immakulata, mama mkwe akija kukutembelea hasalimii kwanza. Anageuza sufuria aone kitako chake. Kiking'aa, ndoa ipo; kikiwa cheusi, mwanamke kaa mkao wa kusemwa.

Kwa hiyo mwaka 2013, kambi ya wakimbizi ilipokwisha kufungwa na shirika lililoihudumia likaamua kupiga mnada vyombo vya nyumba yake ya wageni pale Kasulu, Immakulata, aliyeisafisha kwa miaka kumi na mmoja, aliona aibu vyombo viondoke na uchafu. Alisugua kila kitu. Alhamisi akafika kwenye taa ya mezani: Mwarabu mdogo wa shaba nyeusi, ameketi juu ya zulia la rangi rangi, na mtende nyuma yake uliobeba balbu kama nazi. Akampa majivu na mchanga. Kanzu, kumbe ya rangi tu, ikaenda na maji, zulia likafuata, ndevu nazo. Mwarabu akabaki uchi wa mnyama, anameremeta.

Furaha ya Immakulata ilidumu dakika ishirini, mpaka aliposoma orodha ya mnada mlangoni: "Taa ya kale. Thamani yake ni rangi zake za asili."

"Mawe!" akalia kwa lugha ya kwao, yaani mama yangu.

Usaili wa kazi mpya ulikuwa unamsubiri kambi ya Nyarugusu, ila walitaka barua ya mwenendo. Barua ilikuwa mezani kwa bosi wake, Harerimana, haijatiwa sahihi. Angeisaini mnada ukiisha salama. Immakulata akakimbilia kwa jirani yake Asmahani, msusi, akarudi na chupa tatu za rangi ya kucha.

Jumamosi asubuhi dalali Hilali akamwinua Mwarabu juu. Kanzu nyekundu ya kumetameta, ndevu za waridi.

"Hilali, huyo ni mwalikwa au ndiye bibi harusi?" mtu akapaza sauti. Uwanja ukavunjika mbavu.

Immakulata hakucheka. Kilichomtisha zaidi ni Gharibu, mfanyabiashara wa Kibondo, ambaye naye hakucheka. Alikuwa na mteja Mwanza anayependa vitu vya kale, na kila bei ilipotajwa, aliipandisha.

"Laki mbili na nusu, mara ya kwanza! Mara ya pili!"

"Ngoja," Gharibu akasema. "Aliyekuwa anaitunza yuko wapi? Aniambie kwa mdomo wake kama rangi ni ile ile."

"Mama Immakulata," Harerimana akaita, "hebu mwambie tumalizane."

Neno moja tu: ndiyo. Hata mtoto angelisema. Immakulata akafungua kinywa alitoe, likatoka jingine kabisa.

"Niliisugua, baba. Kwa mchanga. Hiyo ni rangi ya kucha."

Sasa Gharibu akacheka, tena mpaka akajishika magoti. Akaichukua kwa elfu ishirini, ikapambe kaunta ya duka lake.

Ofisini Harerimana hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliivuta ile barua, akaongeza mstari kwa kalamu, akasaini, akagonga mhuri, akamkabidhi bila kumtazama. Immakulata hakuthubutu kuisoma mpaka alipovuka geti.

"Ni mwaminifu," ule mstari ulisema. "Asipewe mchanga."

Akausoma mara tatu. Usaili ulikuwa Jumatatu, na kule Nyarugusu hakumjua hata mtu mmoja wa kumwuliza kama bosi wa huko huwa anacheka.