Lumbesa ya Unga wa Mawe

Fidelia aliuza mahindi Makambako tangu hajaolewa, na mkono wake haukujua kujaza debe bila kilele. Mteja hapimiwi kwa kukata kilele. Anajaziwa hadi debe lifurike, kisha anatupiwa kiganja kingine cha nyongeza ili kesho arudi. Kwa hiyo alipopata kazi kwenye karakana ya stuli za plastiki karibu na reli, na fundi Odilo akamwambia achanganye madebe manne ya punje za plastiki na debe moja la unga wa mawe, alilijaza la unga kama anavyompimia jirani.

Hakuna aliyemkosoa. Stuli zilitoka kwenye kalibu nyeupe, ngumu, bila vile vibonde ambavyo plastiki tupu huviacha inaponywea. Zilipoa upesi, kazi ikaenda mbio. Odilo alizigonga akacheka.

"Mama Letisia, wewe una mkono wa baraka!"

Fidelia akachagua moja akampelekea binti yake Letisia huko Njombe. Mimba ilikuwa kubwa, na kigoda cha mti kilikuwa chini mno kwake.

Kisha baridi ya Julai ikashuka. Asubuhi moja, majani yakiwa bado meupe kwa umande ulioganda, Odilo alikalia stuli iliyoachwa nje uani usiku kucha. Haikupinda. Haikutoa hata mlio wa kuonya. Ilipasuka kama chungu, na kipande chake kikaingia pajani mwa Odilo.

"Unga unaweka kiasi gani?" aliuliza, akikandamiza damu kwa kofia yake.

"Debe moja, kama ulivyosema."

"Nionyeshe."

Alichota, akajaza, akapandisha kilele. Odilo akafumba macho.

"Hiyo ni lumbesa, mama. Mawe si mahindi. Kinachoshika ni plastiki. Mawe yanakaa humo tu. Yakizidi, stuli inakuwa ngumu lakini haijui kupinda, na baridi ndiyo inaimaliza." Akakaza kofia pajani. "Na mimi nikasifu."

Fidelia hakusikia hayo ya mwisho. Alikuwa anapiga simu. Ya Letisia ilikuwa imezimwa.

Alipanda gari la kwanza kwenda Njombe. Ukungu ulifunika misonobari, na ndani ya ukungu ule akili yake ilimwona binti yake akijishusha kwenye stuli, mkono mmoja kiunoni. Akimaliza kujishusha, anaanza upya. Alishika rozari lakini sala ilikwama kwenye punje ya kwanza.

Letisia alikuwa nyuma ya jiko akimenya viazi, ameinama mbele, mguu mmoja wa stuli umeinuka toka ardhini.

"Kamwene, mama! Mbona umekuja na aproni ya kazini?"

"Usicheke. Usigeuke. Nipe mikono."

"Kuna nyoka?"

"Mikono, mwanangu."

Akampa. Wakainuka pamoja polepole, tumbo katikati yao, hata miguu ya Letisia ikasimama yenyewe. Stuli ilibaki pale, nyeupe, haina neno.

"Sasa niambie, nani kafa?"

Fidelia alichukua mchi akaipiga mara moja. Vipande viliruka hadi ukutani, vyembamba, vyenye ncha. Letisia aliweka mikono yote miwili tumboni. Utani ulimtoka usoni.

"Mama. Nyingine mmepeleka wapi?"

Hofu ambayo Fidelia alidhani itaishia uani hapa ilimrudia kubwa zaidi. Alimpigia Odilo.

"Mzigo wa mwisho?" Odilo alipumua kwa shida. "Wanging'ombe. Kwenye zahanati. Waliagiza za kukalia wajawazito siku za kliniki."

"Kliniki ni lini?"

"Leo."

Namba ya muuguzi aliipata kwa Odilo. Akapiga. Mwanamke alipopokea, nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wengi wakicheka na kusubiri.

"Dada, nakuomba usipige kelele," Fidelia alisema. "Stuli walizokalia zinapasuka. Wasiruke, wasishtuke. Wainue mmoja mmoja, kwa mikono."