Mafuta Yanayopunguza Mafuta

Bucha alilipata jina lake kwa haki. Kwa miaka mingi alikata nyama, mpaka duka likafungwa, yeye akabaki na kisu, mke na kitambi. Ndipo akaangukia kazi ya kulisha panya katika maabara ya chuo, kwa majaribio kwanza. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mtu mzima aliyezoea kuangusha mafahali, leo anawatandikia panya maranda na kuwauliza wameamkaje!

Panya walikuwa wa mtafiti kijana aliyesaka udaktari wa falsafa, ule udaktari ambao ukishaupata huwezi kumtibu mtu hata mafua. Bucha alimwita Dada Daktari mapema, ili mdomo uzoee. Kundi moja la panya lilikula chakula chenye mafuta ya kawaida. La pili, mafuta yenye asidi fulani ambayo hupatikana kwa uchache kwenye maziwa. Hawa wa pili walikuwa wakikonda.

"Yaani wanakula mafuta, wanapungua mafuta?" Bucha aliuliza, akiiangalia chupa kwa jicho la mahaba.

"Hao ni panya, Kaka Bucha. Wewe hatujakujaribu. Na wengine huvimba ini. Usije ukaonja."

"Nani kasema habari ya kuonja?" Akairudisha chupa mezani taratibu.

Dada Daktari alitaka kujua mafuta hayo yanazifanya nini jeni za mwilini. "Jeni ni kama wapangaji," alieleza. "Wote wamo ndani ya nyumba, ila si wote wanaopiga kelele. Mimi natega sikio nijue nani kapaza sauti, nani kanyamaza." Kelele zenyewe ni ujumbe laini, unaooza mara tu panya anapokufa. Usipougandisha papo hapo kwenye pipa la naitrojeni, baridi inayofuka moshi, utabaki kusikiliza ukuta.

Siku ya kupasua ikafika. Dada Daktari alitoa mafuta ya tumboni mwa panya, akayatia kwenye vichupa vidogo, akavipanga kwenye trei. Mikono ina damu, macho yako kwa panya anayefuata, akaonyesha nyuma kwa kidevu.

"Kaka Bucha, mafuta hayo. Zamisha haraka."

Bucha akageuka. Mezani, kando ya trei, palikuwa na chupa iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MAFUTA. Angefanyaje? Akaibeba mbio hadi chumba cha pili, akaizamisha. Pa!

Akarudi na uso wa msiba. "Imezama, lakini imepasuka."

"Nini kimepasuka?"

Hapo ndipo wote wawili walipoviona vichupa, vimetulia kwenye trei, vikipata joto. Nusu ya utafiti ilikuwa imekwisha kuoza.

Mkuu wa maabara, profesa mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliitwa. Bucha alijaribu kumsifia hekima yake.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," Profesa akamkatiza.

"Chupa yenyewe imepasuka, Profesa."

Dada Daktari aliinama kuficha kicheko, lakini Profesa hakucheka. "Panya waliobaki wanapasuliwa kesho. Wakiharibika na hao, binti huyu hana cha kuandika, na wewe huna kazi."

Jioni Bucha alimsimulia mkewe. Mkewe alisikiliza, akaweka bakuli chini, akambinya mumewe kitambi.

"Baba watoto, hii nayo ni mafuta? Mafuta yanamiminika. Hii ni shahamu. Miaka yote hiyo buchani ulikuwa unauza nini?"

Neno hilo Bucha alilitamka kila siku kwa wateja; alipovaa koti jeupe akalivua pamoja na aproni.

Asubuhi alimfuata Dada Daktari kabla hajavaa glavu. "Leo ya kwenye chupa ni mafuta. Ya tumboni ni shahamu. Tukielewana hapo, tumepona."

Dada Daktari alilitamka mara kadhaa, kama anayeonja. "Shahamu. Sawa. Na mimi nitageuka, nisionyeshe kwa kidevu."

Wakaanza. "Shahamu," naye huyoo na trei. "Shahamu," moshi wa baridi ukampanda ndevuni. Hakuna kilichopasuka, hakuna kilichosahauliwa.

Majibu yalipotoka kwenye mashine, Dada Daktari alimwita Bucha kwenye kioo cha kompyuta. Katika shahamu ya panya waliokonda, jeni kadhaa zinazojenga akiba ya mwili zilikuwa zimeshusha sauti. Panya walikuwa wachache, kwa hiyo utafiti ulipaswa kurudiwa. Lakini sauti zilisikika.

Profesa alisoma kwa miwani ya kwanza, akasoma tena kwa ya pili. "Nani aligandisha?"

"Kaka Bucha," alisema Dada Daktari.

Profesa akakohoa. "Kundi jipya la panya linakuja. Huyu abaki. Mfundishe na mashine."

Kabla hajaambiwa mashine iko chumba gani, Bucha alikuwa ameshavaa glavu.