Honi Iliyokataa Kulia Ukunguni

Mwaka 1975 Datius Kaijage alikuwa dereva wa Landrova ya kijiji cha ujamaa huko Kimwani. Asubuhi moja alikuwa akimkimbiza Clotilda, aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, kwenda hospitali ya Bukoba. Walipopita Muleba ukungu ukatanda hata kona hazikuonekana. Datius akabonyeza honi kuwatahadharisha waliokuwa mbele. Haikulia.

Akasimamisha gari.

"Baba, mbona unasimama?" alifoka Kokubanza, mama mkwe wa Clotilda. "Mtoto hangoji!"

"Mama, bila honi tutagongana na malori ya kahawa."

Akafungua boneti, akavuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye honi. Ikalia kwa nguvu. Basi honi ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kati yake na kitufe cha kwenye usukani. Akajipenyeza chini ya usukani, Clotilda akilia kwenye kiti cha nyuma, akapapasa waya mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa umesuguliwa na chuma hadi ukakatika. Ncha zikamponyoka mara mbili. Mwishowe akazisokota pamoja, akazifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu.

Kwenye kona iliyofuata alipiga honi mfululizo. Honi nyingine ikajibu, karibu mno. Akakanyaga breki. Lori likatokea ukunguni, likayumba, likapita likikwangua kioo cha pembeni cha Landrova.

Kokubanza akamshika Datius bega.

"Endelea kupiga, mwanangu."

Akapiga honi kila kona mpaka Bukoba. Clotilda alijifungua mtoto wa kike mara tu alipofikishwa wodini.