Mpishi wa Bwana Halisoni

Marehemu baba yangu, mzee Nahumu, alimpikia Bwana Halisoni mpaka Uhuru, kwa hiyo maisha ya mzungu yule nayajua kwa upande wa jikoni. Alikuja kijijini kwetu Yakobi akiwa kijana, akapanda miti ya miwati na pareto, akajenga nyumba yenye dohani ndefu ya kutolea moshi. Baadaye akaingia siasa. Alikwenda Dar es Salaam, kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kuwaeleza wenzake kwamba Wabena, watu wa kwetu, hawasikii baridi. Baba ndiye aliyempangia sanduku la safari, huku anatetemeka kwa baridi. Mwisho akaandika kitabu, akasema shamba lote alilifyeka kwa mikono yake. Baba alikuwa akicheka: "Mikono ile naijua. Kucha zake nilikuwa nazikata mimi."

Mzungu alipoondoka, nyumba ilibomoka ikabaki dohani, kijiji kikagawa ardhi, baba akapata kipande hicho. Ndipo ninapolima viazi vilivyosomesha wanangu. Hati sina. Gari lolote likisimama barabarani, naacha jembe nachungulia.

Mwezi wa sita likasimama kweli. Akashuka Fredy, kijana anayetembeza wageni mjini, pamoja na binti wa kizungu aliyeshika kitabu.

"Kamwene, mama. Huyu ni mjukuu wa Bwana Halisoni. Anatafuta alikoishi babu yake."

Mjukuu. Nikajua shamba limekwenda.

"Hapa hajawahi kuishi mzungu," nikasema.

"Na hiyo dohani katikati ya viazi?"

"Tumejenga wenyewe. Ya kukaushia mahindi."

Fredy aliinua shingo kuitazama mpaka kofia ikamdondoka. "Mahindi yenu mnayapandisha juu sana, mama."

"Baridi, baba. Jaribuni Makambako. Huko wazungu walikuwa wengi."

Wakaenda. Nilijisifu mpaka binti yangu Lightness aliporudi kutoka sokoni.

"Mama, yule dada alitaka kupiga picha tu. Fredy kasema."

"Wote huanza na picha," nikamjibu.

Kumbe Makambako walikula kwa Oktavia, mwenye mgahawa, na Oktavia hakuuliza mara mbili. Aliwaambia mzungu alilala pale pale, kwenye stoo yake ya mkaa. Sasa ameweka kibao, na wageni wanaoelekea Mbeya wanasimama kutazama mkaa.

Wiki iliyopita nilipeleka viazi Makambako, nikaingia kunywa chai. Oktavia alikuwa anawaeleza wageni: "Alikuwa mnyenyekevu sana. Hata chakula alijipikia mwenyewe."

Nikaweka kikombe chini. "Alikuwa na mpishi."

Wote wakageuka. "Bibie, wewe ulikuwepo?" Oktavia akauliza.

"Nimesikia tu."

Mgeni mmoja, Mtanzania mwenye miwani, akatoa kalamu. "Aliitwa nani huyo mpishi, mama?"

"Nahumu," nikasema. Jina lilitoka kabla sijalizuia, na nikajisikia vizuri, kama nimemvika baba koti.

"Mtu wa wapi?"

Hapo nikaliona shamba langu lote, mstari kwa mstari, na mjukuu amesimama katikati.

"Wa Mafinga," nikasema.

Akaandika. Oktavia akanikata jicho, maana mgeni mwingine alishaanza kuuliza Mafinga ni umbali gani.

Nimerudi Yakobi. Viazi vipo, dohani ipo. Baba yangu tu ndiye aliyehamia Mafinga.