Pete ya Furukombe Mgeni

Rispa alivaa koti la mumewe miaka minne, jua na mvua. Mimi Dolphine nilikuwa jirani yake pale Sori, kando ya ziwa, tukipasua samaki aina ya ngege na kuwaanika pamoja juu ya mawe, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba haya nimeyasikia tu.

Mumewe, Walter, alipotea mwaka wa mafuriko, sitini na moja, ziwa lilipopanda likameza hata vibanda vya samaki. Mtumbwi ulipatikana, mwenyewe hakuonekana. Rispa akakataa katakata kuitwa mjane. Alitembea ufuo mzima akiuliza, na alikuwa ameshafunga mzigo wa kuvuka mpaka kwenda kuulizia Musoma.

Ndipo akaja yule ndege. Hakuwa furukombe wetu wa kila siku, mwenye kichwa cheupe na makelele. Huyu alikuwa mgeni, mkimya, na mstari mweusi umempita jichoni. Mguuni alikuwa na kitu kinachong'aa. Javan, mdogo wake Walter, akakitazama kwa muda, akaanza kulia.

"Hiyo ni pete ya ndugu yangu. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Kuhusu kuitengeneza hakudanganya. Siku ya harusi ya kanisani hawakuwa na pete ya dukani, Javan akaigonga mwenyewe kutoka kwenye mfuniko wa sufuria. Nani angebishana na fundi juu ya kazi yake? Ndege huyu hujitupa majini miguu mbele, nasi tukaamini kwamba alimpitia maiti, pete ikamnasa. Wazee wakaridhika. Wakachuma tunda la yago, lile refu na zito, wakalizika badala ya mwili, kama anavyofanyiwa mtu aliyemezwa na maji. Rispa akanyolewa, akavishwa koti la marehemu, alama ya ujane. Safari ya Musoma ikafia hapo.

Tangu hapo ndege alirudi kila Oktoba na kuondoka mwezi wa tatu. Akitua kwenye gogo, Rispa aliweka kisu chini na kumsalimia kwa jina la Walter. Nilimcheka mara moja. Jinsi alivyonitazama, sikurudia tena.

Mwaka wa sitini na sita ndege akanaswa kwenye wavu karibu na ufuo. Rispa aliingia majini hadi kiunoni, akamfunika kichwa kwa pindo la lile koti, akamtoa akiwa hai. Nikamshika mabawa. Pete ilikuwa na maandishi, na sisi hatukujua kusoma, tukamwita mwalimu Barnabas Mniko. Yeye ni Mkuria, kwa hiyo tulisema naye Kiswahili.

"Mama, hapa iko namba," alisema. "Na jina ya makumbusho, huko Ulaya. Wazungu wanavalisha ndege pete ikiwa bado kinda, ndiyo wajue inaenda wapi."

"Si ya mtu?"

"Hapana, mama. Angalia, imebanwa na koleo."

Rispa akamwachilia ndege, akamfuata kwa macho mpaka akapotea. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Javan, aliyekuwa akishona nyavu hatua chache tu kutoka pale. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wetu alikula ugali kwa Rispa kila Jumapili.

"Shemeji, ulisema unaijua kazi ya mkono wako. Pete ya Walter iko wapi?"

Javan hakuinua uso. "Iko kidoleni mwake."

Niliinuka na kisu changu cha samaki, na Mungu anisamehe, sikukusudia samaki.

"Aliniomba, shemeji," Javan akasema. "Ana mke Musoma, na watoto wawili. Alijua ungemfuata."

Rispa akamuuliza:

"Toka hapa mpaka Musoma ni siku ngapi?"

"Moja, upepo ukiwa mzuri."

"Na huko Ulaya, mwalimu?"

"Mbali sana, mama. Hata mimi siwezi kusema."

"Na yule ndege hurudi kila mwaka," Rispa akasema.

Akavua koti, lingali linachuruzika maji, akamwekea Javan magotini.

"Mpelekee. Mwambie nilishamzika na kumlilia, asitarajie mara ya pili."

Akarudi kwenye mawe. Samaki wetu walikuwa hawajageuzwa.