Leghoni Akikubali Kushikwa

Mtaani walimwita Mshenga, na wala hakuwahi kumposea mtu mke. Aliowakutanisha yeye ni watu na kuku. Ukitaka kufuga kuku wawili watatu uani kwako, hukukurupuka kununua yeyote kwa sababu ana rangi nzuri. Ulikwenda kwake, ukakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba yake, ukahojiwa. Una watoto wadogo? Una mbwa? Jirani yako ana maneno? Wewe mwenyewe una hasira? Kudanganya hakukusaidia, kwa sababu wakati unajibu yeye alikuwa akitazama jinsi kuku wake wanavyokupita.

Maana kuku hawafanani tabia hata kidogo, na anayesema kuku ni kuku tu hajawahi kukaa nao. Mshenga alikuwa na kipimo chake. Aligeuza ndoo, akaikalia, akafungua kiganja chenye punje za mahindi, akanyamaza. Sasso walikuja wa kwanza, wale wekundu, wapole mpaka wanaudhi, wanaokufuata hadi mlango wa choo na kukusubiri nje. Hao aliwapa wazee wanaoishi peke yao. Kuroila nao walikuja mbio, lakini urafiki wao ulikuwa wa punje. Punje zikiisha, hawakujui. Kuchi alikuja kwa hatua ndefu kama mwenye nyumba, akala, akakukata jicho. Huyo humpenda anayemfuga na kuwapiga kuku wenzake wote. Brahma, yule mkubwa mwenye manyoya mpaka vidoleni, hakujali punje. Alipanda mapajani akalala, na kumshusha ikawa kazi. Mshenga alikuwa na brahma mmoja, akamwita Blanketi.

Leghoni hawakuja. Walisimama kwenye pembe ya ua, weupe, wembamba, shingo juu, na ukijikuna tu wanaruka ukuta. Kutaga wanataga, hilo halina ubishi, ila mapenzi usiyatafute kwao. Mshenga hakumficha mteja yeyote jambo hilo. Alisema anawajua vizuri leghoni, kwa kuwa mmoja wao ameishi naye chumba kimoja miaka thelathini na moja.

Alikuwa akimsema mumewe. Huyo mzee alikuwa fundi wa funguo, na chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinachotazama barabara: meza moja, jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila ukubwa, mashine ya kuchongea, na ukuta mzima wa funguo tupu zinazoning'inia kwenye misumari. Watu walimwita Baruti, tena usoni kwake. Ukimpelekea ufunguo mmoja uliobaki baada ya kupoteza wa pili, alikuchongea mwingine, ndiyo, lakini kwanza ulisomewa. Ulikuwa unawaza nini? Kichwa hicho mbona hujakipoteza? Watu wazima, wenye vyeo vyao, walisimama pale wameinamisha vichwa kama wanafunzi waliochelewa. Kisha wakarudi mwaka uliofuata na kupoteza kwingine, kwa sababu kazi yake haikuwa na mpinzani.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Kila asubuhi aliletewa chai, akaonja, akakunja uso, akasema, "Chai hii yenyewe inasikia baridi." Naye Mshenga, bila hata kugeuka, akajibu, "Basi ivalishe sweta." Hapo ndipo siku yao ilipoanza. Na Blanketi, ambaye kati ya viti vyote vya nyumba ile alikipenda kiti cha Baruti, alifukuzwa kwa ufagio kila siku saa tatu, akarudi kila siku saa nne.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka jana, maana bila hicho hutaelewa mama huyu alivyokuja kuogopa. Kulikuwa na leghoni mmoja mkorofi kuliko wote, ambaye kwa miaka miwili hakuna mkono uliowahi kumgusa. Siku moja Mshenga alipopita karibu naye, kuku hakuruka. Alichutama. Mshenga akainama polepole, akamwinua, akamkumbatia, naye katulia tuli, macho nusu yamefumba. Mama wa watu alifurahi, akatembea mtaa mzima na kuku wake kifuani akiwaonyesha majirani kwamba subira imelipa. Siku ya tatu leghoni alikutwa amekufa chini ya kitagio. Daktari wa mifugo alimpasua, akamwonyesha yai lililokwama ndani. Akamwambia bila kumzungusha kwamba kuku mkali akianza ghafla kukubali kushikwa, ujue amekosa nguvu za kukimbia. Asifurahie tena upole wa namna hiyo, akague.

Baruti ndiye aliyechimba shimo. Alichimba huku akinung'unika kwamba juzi tu alikuwa anasomewa sifa za huyo kuku. Lakini Mshenga hakumsikia. Alikuwa akikumbuka jinsi alivyombeba yule kiumbe mgonjwa nyumba hadi nyumba, akicheka.

Basi. Mwaka ukapita. Asubuhi moja Mshenga alichelewa uani, akapeleka chai ambayo kweli ilikuwa imepoa, akaiweka mezani kwa fundi, akageuka kuondoka, jibu lake liko tayari mdomoni.

Baruti alionja. Akasema, "Asante, mama."

Mshenga alisimama mlangoni. Alidhani amekosea kusikia, akamuuliza chai ikoje. Mzee akasema ni nzuri, akaendelea na tupa yake. Mama alirudi jikoni, akakaa kwenye kigoda, hofu imemwingia bila yeye kujua kwa nini. Alijisemea mwenyewe: mtu kashukuru, kosa liko wapi?

Siku ya pili akashukuru tena. Siku ya tatu akaja mteja, dereva mmoja wa lori aliyekuwa amepoteza funguo mara nne, akapita jikoni kwa Mshenga akiwa na uso wa kuduwaa. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mzee ni mzima, maana amemwambia tu pole, hutokea, na kumchongea ufunguo bila neno. Mshenga alijibu kwamba mzee ni mzima, lakini sufuria aliyokuwa akiisugua ilimtoka mikononi.

Alikwenda nyumba ya pili kwa jirani yake, mama mshonaji, mdogo wake kwa umri na mtu anayempenda. Alimweleza yote. Mshonaji alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Dada, si ndicho ulichokuwa unaomba miaka yote hii? Mwanaume kapoa, nawe unalia?" Akamshauri ale raha zake kabla mzee hajabadilisha mawazo. Mshenga naye alicheka kidogo, kwa adabu tu, akarudi nyumbani roho mkononi. Alitaka sana kumwamini. Ni nani asingetaka?

Alipofika, nyumba ilikuwa kimya. Mashine ya kuchonga haikuwa ikilia, na saa zile ilipaswa kulia. Alisukuma mlango wa chumba cha kazi. Baruti alikuwa kwenye kiti chake, na juu ya mapaja yake alikuwa Blanketi, amejitandaza mzima mzima, amefumba macho. Mkono wa mzee, wenye unga wa shaba kwenye kucha, ulikuwa ukipita mgongoni mwa kuku, taratibu, kutoka shingoni hadi mkiani. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Miaka thelathini na moja ya kelele alikuwa ameistahimili mama huyu, na hakuna hata siku moja kati ya hizo iliyomtisha kama kimya hiki. Alijikaza, akamwambia mzee kwamba anataka kumkagua. Alitegemea atimuliwe. Huyu ndiye mtu ambaye daktari wa meno alishindwa kumfungua mdomo mpaka akamrudisha nyumbani. Baruti akamshusha Blanketi chini kwa mikono miwili, akasema haya.

Basi akamkagua. Angefanya nini kingine? Alijua kukagua kuku, akamkagua vivyo hivyo: akamvuta kope za chini, akatazama midomo, ikawa na rangi ya majivu, akasikiliza pumzi, ikawa fupi, ina mluzi mdogo mwishoni. Mzee alijaribu kumtania kwamba amesahau kumpapasa kama ana yai, na utani huo ulimkatisha pumzi katikati. Kisha akamvua kiatu. Kamba zilikuwa zimelegezwa mpaka mwisho na soksi ilikuwa imechora mfereji mguuni. Alibonyeza muundi kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo likabaki. Alilitazama akisubiri lijae, nalo halikujaa.

"Tangu lini?" aliuliza.

Baruti alitazama funguo ukutani. Alisema ni wiki ya tatu. Kuna kitu kinamkalia kifuani, akilala ndiyo kinazidi, kwa hiyo analala ameegemea mto akisingizia mgongo. Mshenga aliuliza kwa nini basi asiseme, yeye ambaye husema hata mbu akimpita sikioni.

"Niliona nikiondoka," mzee alisema, "nisikuachie matusi masikioni."

Hapo Mshenga alikasirika kama hajawahi kukasirika maishani. Alimwambia kwamba yeye ni mpumbavu, tena mpumbavu wa kiwango cha juu, na huku anamtukana alikuwa tayari anamtafutia shati safi na kumfunga vifungo. Mshonaji aliitwa, akaja bado na sindano kwenye kola ya gauni, akamwona mzee, kicheko chake chote kikakauka. Yeye ndiye aliyekimbia kutafuta gari.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu la chuma kusubiri kuitwa. Baruti alimpisha mtu mbele yake. Kisha akampisha mwingine. Mshenga alimshika kiganja, akakiona baridi, na hofu aliyokuwa ameibana siku zote zile ikamtoka mdomoni yenyewe. "Usinifanyie upole," alimwambia. "Yule leghoni alinikubali siku mbili tu akafa. Ukinifokea ninajua upo. Ukinyamaza hivi ninakuogopa." Mzee alimtazama mpaka jina lake likaitwa.

Daktari, mwanamke kijana mwenye maneno machache, alisema moyo umechoka kusukuma, ndiyo maana maji yamejaa miguuni na yameanza kupanda mapafuni. Atalazwa. Dawa zitajaribu kuyatoa. Mshenga aliuliza kama atapona, na daktari akasema tuzipe dawa siku chache kwanza. Jibu hilo Mshenga alilijua. Alikuwa amewapa wateja wake jibu kama hilo mara nyingi, wakimletea kifaranga kilichosinzia ndani ya boksi.

Siku ya kwanza wodini Baruti alimshukuru muuguzi kwa sindano. Siku ya pili aliwashukuru wote, hadi mfagiaji, na wauguzi wakamwambia Mshenga kwamba ana bahati ya kuwa na mume mstaarabu. Alitikisa kichwa, akaenda kusimama kwenye korido, mgongo ukutani, kisha akarudi ndani.

Asubuhi ya tatu alikwenda nyumbani kulisha kuku. Aligeuza ndoo akaikalia, si kwa kupima chochote, ni miguu tu iliyochoka. Sasso wakaja, Kuroila wakaja, Blanketi akampanda mapajani. Leghoni wanne walikuwa pembeni, shingo juu. Aliinuka ghafla akapiga makofi, nao wote wanne wakaruka kwa makelele, mmoja akavuka ukuta mpaka kwa mshonaji. Mshenga aliwashukuru kwa sauti, akiwa peke yake uani, akaingia jikoni kuchemsha chai.

Aliichemsha sana. Aliimimina kwenye chupa ingali inatokota, akaifunga chupa kwenye kanga, akaikumbatia njia nzima. Alipofika kitandani alikuta mzee ameegemezwa mito mitatu, uso umepungua, macho yako mlangoni. Alimimina kikombe. Mvuke ulipanda ukampita mzee puani na kutia ukungu kwenye miwani yake. Mzee hakuwa na nguvu ya kukishika kikombe, kwa hiyo Mshenga alikishika mwenyewe, akamsogezea mdomoni. Baruti alionja. Mama aliona jinsi mdomo ulivyoruka kwa kuungua, akaona machozi yakimlenga mzee kwa moto ule.

Baruti alimeza. Akavuta pumzi kwanza, akazikusanya zilizokuwepo, akakunja uso.

"Chai hii," alisema, "yenyewe inasikia baridi."

Mshenga alimtazama. Alijua anadanganywa. Alijua mzee ameikumbuka ile kauli ya kwenye benchi la chuma, na kwamba amelala pale usiku na mchana akijipanga kuwa mkali kwa ajili yake, na kwamba hana nguvu hizo. Hofu haikumwondoka, ilimkaa pale pale ilipokuwa. Lakini jibu lilikuwepo, la miaka thelathini na moja, na mzee alikuwa akilisubiri.

"Basi ivalishe sweta," alisema.

Baruti alifumba macho, akaridhika. Kisha akaanza: mito migumu, dirisha halifungi, kitasa cha mlango wa wodi kimewekwa na mtu asiyejua kazi. Aliyasema moja moja, akipumzika kati ya neno na neno. Kikombe kilikuwa kinamchoma Mshenga vidole, lakini hakukiweka chini mpaka mzee alipomaliza kulalamika.