Lamai na Sumu ya Vipiri Wachanga

Saa tatu asubuhi, Lamai Kaewsuwan anavaa miwani ya kukinga macho, anafungua kreti la plastiki na kumtoa kipiri kwa fimbo yenye ndoano. Nyoka mwenyewe hazidi urefu wa kalamu mbili. Anamshika nyuma ya kichwa na kumng'atisha utando uliofunika kikombe cha kioo. Linateremka tone moja, dogo kuliko punje ya mchele.

"Umeshamkamua mbu wako?" anauliza Sawat, aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na tisa katika shamba hili la nyoka, kusini mwa Thailand.

"Kaka, mbu kama huyu ndiye aliyemlaza wifi yangu siku kumi na moja. Funga mdomo, uandike."

Sawat anacheka, lakini anaandika: mchanga, dume, mkoa wa Nakhon Si Thammarat.

Zamani nyoka wa umri huu hawakuandikwa. Kazi ya wakamuaji hupimwa kwa uzito wa sumu, na kipiri mzima hutoa mara kumi zaidi. Wachanga walilishwa vipanya mpaka wakomae, ndipo wakakamuliwa.

Farasi hudungwa sumu hiyo ya wakubwa kidogo kidogo. Damu ya farasi hujenga kinga, na kinga hiyo ndiyo dawa ya hospitalini.

"Farasi hujua alichofundishwa," anasema Lamai, mwenye umri wa miaka 52. "Sisi tulimfundisha wazee tu. Na wanaouma watu shambani si wazee peke yao."

Aliligundua hilo mwaka jana. Orathai, mke wa kaka yake, alikuwa akigema utomvu wa mpira alipoumwa kisigino. Vipiri hawa wakishauma hawakimbii. Mumewe alimkuta nyoka palepale chini ya mti, akamtia ndooni na kumpeleka hospitalini pamoja na mgonjwa. Alikuwa mchanga.

Muuguzi alitia damu ya Orathai katika kichupa cha kioo, akakiacha dakika ishirini, akakiinamisha. Damu ilitiririka kama maji. Alipewa dawa. Saa sita baadaye ikatiririka tena. Iliganda baada ya dozi ya tatu.

"Fizi zinamvuja, nami nimekaa pembeni," anakumbuka Lamai. "Dawa tumeitengeneza sisi. Ungekuwa wewe ungelala?"

Hakulala. Alikamua wachanga kumi na wawili na kupeleka sumu yao kwa Pimchanok, mkemia wa maabara. Protini zilikuwa zilezile, ila viwango vilitofautiana: sumu ya wachanga ilijaa zaidi zile zinazoizuia damu kuganda. Kuizima kulihitaji dawa karibu maradufu.

Pimchanok hakushangilia. "Shangazi, kamati ya kuidhinisha dawa haibadili kitu kwa nyoka kumi na wawili," alimwambia. "Niletee sitini, kutoka mikoa minne."

Mpaka sasa wamefika arobaini na mmoja. Farasi wapya wataanza kudungwa Novemba. Nyoka wasipotimia sitini kabla ya hapo, sumu yao itasubiri miaka miwili.

Kwa hiyo siku zake za mapumziko, Lamai, ambaye mshahara wake ni baht 14,200 tu kwa mwezi, hupanda pikipiki kuwazungukia wagema mpira. Huwafikia wakila wali wa asubuhi, naye huwasihi wasiwaue nyoka.

"Jamani, Shangazi kaja tena kuposa nyoka!" hupaza sauti mmoja.

"Naposa, na mahari sina. Nipe huyo bintiyo asiye na miguu!"

Wanacheka, kisha wanamwonyesha waliyemfunika kwa beseni nyuma ya jiko.

Orathai amerudi kugema. Safari hii anavaa buti, na kisigino bado kinamuuma mvua ikinyesha. Jumatatu ijayo Lamai ataelekea Surat Thani, mmoja wa ile mikoa minne, ambako hajapata hata nyoka mmoja. Ameomba likizo ya siku tisa.

"Sitaki sifa," anasema huku akivua glavu. "Nataka daktari akifungua dozi ya kwanza, asilazimike kutafuta ya pili."